Mshika Bendera Avae Saa Gani

Jiwe la kwanza lilipita juu ya kichwa changu likaangukia mgomba, mgomba ukakatika kama umepigwa panga. Nilikuwa chini ya mwamba, nimemshika mbuzi wa watu pembe. Wifi yangu Agripina alikuwa mbele yangu kidogo, anawaswaga mbuzi wengine kwa kijiti cha bendera. Ardhi ilinyanyuka kwanza, mlio ukafuata. Nikalala kifudifudi, mawe yakanyesha makubwa kwa madogo, vumbi jekundu likafunika kila kitu nisione hata mkono wangu. Vumbi lilipotulia nikamtambalia Agripina. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unanifuata tu kama mzigo wa mtu mwingine. Nilimkuta amelala ubavu, simu bado iko mkononi mwake, kioo kinawaka. Kwenye kile kioo ilikuwa saa tisa na dakika chache.

Mlipuko wa machimbo yetu ulikuwa saa kumi. Siku zote saa kumi.

Sasa nimestaafu, na mabinti waliochukuliwa juzi kwenye machimbo mapya ya Nyakisasa wamekuja kwangu hapa Ntobeye kuniuliza mshika bendera avae saa gani. Sijaulizwa swali zuri kama hilo tangu nizaliwe. Wengine wanakuja kuniuliza mguu unaendeleaje, au nililipwa nini. Hawa wameuliza saa. Nimekosa usingizi kwa furaha, na kwa hasira pia, vyote viwili vinakaa kwangu kama mke mwenza na mke mwenza. Nimeona nisiseme tu, niandike, maana maneno ya mdomo wanayasahau wakifika mtoni. Shule niliachia darasa la nne. Mkikuta herufi imekaa vibaya, irukeni.

Mimi ni Msukuma wa Nyabusozi, Biharamulo, baba yangu alihamia kule na ng'ombe kutoka Shinyanga. Nikaolewa Ngara kwa Wahangaza, nikafundishwa kupika ndizi na kusali rozari. Machimbo ya kokoto yalipofunguliwa upande wa pili wa kilima, walitaka wanawake wa kushika bendera, kwa sababu walisema wanaume wanalewa. Sikubishana nao.

Kazi yenyewe niieleze, kwa asiyeijua. Mwamba unatobolewa, unajazwa baruti. Kabla ya kulipua, lazima njia zote zifungwe: barabara ya magari upande wa mashariki, na njia ya miguu upande wa magharibi, unaotazama Burundi. Kilima kipo katikati. Aliye magharibi hamwoni mlipuaji, hasikii king'ora, upepo unakirudisha. Saa moja kabla ya mlipuko, mshika bendera anapita chini ya mwamba kutoa watu na mifugo. Anahakikisha hakuna mtu wala kuku. Halafu anarudi juu, anafunga njia, anangoja. Kati ya mtu na baruti hakuna kitu kingine ila saa. Ndiyo maana nawaambia hii si habari ya urembo.

Siku yangu ya kwanza nilikwenda mkono mtupu. Mlipuaji alikuwa Mzee Laurenti, mtu mfupi, mkimya, vidole vyake vimekaa kama mizizi ya muhogo. Alianza kulipua mawe kabla sijaolewa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Saa yako iko wapi?"

"Sina, mzee."

"Saa kumi utaijuaje?"

"Nitaangalia jua."

Akatazama juu. Ilikuwa masika, mawingu yamekaa hadi kwenye migomba. "Haya," akasema, "nionyeshe."

Akanivalisha ya kwake ya akiba siku hiyo, na akanifundisha kuisoma: mshale mfupi ukitazama nne, kwetu ni saa kumi. Nikajifunza pia desturi yake, ambayo sijaiona mahali pengine. Kila asubuhi tulisimama bandani kwa duara, wote tunaohusika na mlipuko, mikono ya kushoto katikati. Yeye alikuwa amekwisha kulinganisha yake na mlio wa redio. Anasema, "Vuta." Kila mtu anavuta kile kitufe cha pembeni, mishale inasimama. Tunaiweka sawa na yake. Halafu, "Rudisha." Vitufe vyote vinarudi kwa pamoja, tak. Nilikuwa naupenda ule mlio. Ndiyo ilikuwa sala yetu ya asubuhi, na haikuwa na mahubiri.

Basi nikanunua saa. Nilinunua kama mjinga anavyonunua. Mmachinga mmoja gulioni Rulenge alikuwa na saa ya kike rangi ya dhahabu, ina visaa vingine vitatu vidogo ndani ya uso wake. Nikawaza, saa nne kwa bei ya moja, nimepata. Nyumbani nikaiangalia vizuri: vile visaa vidogo vimechorwa tu, mishale yake haiendi popote. Mvua ya kwanza, mvuke ukaingia ndani ya kioo kama dirisha la jikoni. Dhahabu ikaanza kubanduka, mkono ukaniwasha. Siku ya mlipuko saa ikaanza kutembea kama mlevi, mshale wa sekunde unaruka kidogo, unapumzika, unaruka. Siku hizo palikuwa na mtu wa katikati, amesimama kileleni anaona bendera za pande zote mbili. Bendera yake isiposhuka, baruti hailipuliwi. Kwa hiyo walinisubiri mimi, kampuni nzima, hadi nilipoona mwenyewe kwamba jua linazama na saa kumi imepita zamani.

Mzee Laurenti alikuja hadi nilipo, akaishika ile saa, akaisikiliza sikioni.

"Hii imekufa zamani," akasema. "Inayotembea ni roho yake."

Sikulia. Nilikwenda Biharamulo.

Nilikuwa namtembelea mama yangu kule Nyabusozi, nikapitia sokoni, na hapo ndipo nilipojua kwamba kuchagua saa kuna utamu kupita kuivaa. Alikuwepo kijana wa Kisukuma, Masanja, ana meza yake nje ya mama ntilie, saa zimepangwa kwenye sponji.

"Mwangaluka, mayu," akaniamkia kikwetu, yaani umeamkaje mama.

"Mwangaluka."

"Chukua hii, mayu. Ndogo, ya kike, inameremeta."

"Mimi nalinda baruti, siendi kipaimara."

Akaniangalia upya. "Baruti?"

"Baruti. Nataka ya kiume, kubwa, yenye sura mbaya."

Akacheka, akainama chini ya meza, akatoa boksi. Sasa sikilizeni, mabinti, maana nilivyofanya siku ile ndivyo mtakavyofanya nyie. Sikutazama jina lililoandikwa usoni. Jina linachapwa na yeyote mwenye wino. Niligeuza saa nyuma kwanza. Nyuma ya saa ndiyo moyo wa saa. Zipo zilizobanwa tu kwa kidole, kama mfuniko wa kopo, hizo maji yanaingia yanavyotaka. Nikachagua zenye skrubu nne ndogo pembeni. Nikamwambia afungue moja. Ndani kulikuwa na kamba nyembamba ya mpira imezunguka ukingo. Hiyo kamba ndiyo inayozuia maji. Isipokuwepo, au ikiwa imekatika, maandishi yote ya nje kwamba saa inaogelea ni hadithi.

Halafu kioo. Wengi wanataka kioo cha kweli, kigumu, kisichokwaruzika. Mimi natoka mahali vijiwe vinaruka. Kioo kigumu kikigongwa kinapasuka, vipande vinaingia kwenye mishale, kwaheri. Kioo cha plastiki kinakwaruzika, kweli, lakini mikwaruzo unaitoa kwa dawa ya meno na kitambaa, unasugua huku unapiga umbea, kinarudi kama maji ya kisima. Na kiwe kimeshuka chini kidogo ya ukingo, ili ukijigonga ukingo uumie kabla yake.

Mwili wa saa, plastiki nyeusi au chuma cha kweli. Kisichofaa ni kile cha katikati kilichopakwa rangi ya chuma. Nilishakitambua kwa ngozi yangu.

"Namba za umeme hutaki, mayu? Hii ina taa na inapiga kengele."

"Ikiandika kumi na sita, nikiwa na matope usoni na ng'ombe wa watu mbele yangu, nianze kutoa hesabu? Nipe mishale."

Mishale hata kioo kikiwa na tope nusu, unaiona imekaaje. Sisemi ya namba ni mbaya. Nasema chagueni mtakayoisoma mkiwa mmetishika.

Kilichobaki ilikuwa maji. Nikaomba ndoo.

"Ndoo ya nini?" Masanja akauliza.

"Tuibatize."

"Ikifa je?"

"Ikifa umeiua wewe, si mimi. Wewe ndiye uliyesema haiingizi maji."

Watu walishaanza kukusanyika. Mama ntilie akatoa ndoo yake ya kuoshea vyombo, bado ina punje za wali, nikaitumbukiza saa ndani, nikakaa nikaagiza ugali na dagaa. Nilikula taratibu, sijawahi kula taratibu hivyo. Masanja hakuuza kitu muda wote huo, ameshika kiuno anaangalia ndoo kama mtu aliyepeleka mtoto hospitali. Nilipomaliza nikaitoa, nikaiegemeza kwenye kikombe cha chai ya moto mpaka kioo kikapata joto, halafu nikadondoshea tone la maji baridi juu ya kioo. Huu ujuzi nilipewa na Mzee Laurenti. Kama ndani kuna unyevu hata kidogo, ukungu unajitokeza pale pale chini ya tone. Tulisubiri. Kioo kikabaki safi. Wale watu wakapiga makofi, na Masanja akapiga kuliko wote. Siku ile aliuza saa nne, zote zimebatizwa.

Bei yake ilikuwa kama ya majogoo wawili wa Krismasi. Haikuwa ya chini kabisa mezani, na haikuwa karibu na ya juu. Nikamwambia atoe betri iliyomo aweke mpya mbele ya macho yangu, maana iliyokuja na saa huwezi kujua imekaa dukani misimu mingapi. Nikauliza namba ya betri, nikahakikisha fundi wa Ngara mjini anayo. Saa ambayo betri yake inatoka Mwanza ni ya watu wa Mwanza.

Mkanda wake wa mpira nilijua hautadumu. Jasho na vumbi vinaukausha, unapasuka penye tundu, unagundua saa haipo wakati umeshafika nyumbani. Wa ngozi unaoza na kunuka. Mzee Laurenti akanitengenezea wa kitambaa kigumu, utepe mmoja tu, unaopita chini ya tumbo la saa na kushikwa na pini zote mbili. Pini moja ikikatika, saa inaning'inia kwenye nyingine. Haianguki. Jambo dogo hivyo, na bado naona watu wazima wanavaa saa za thamani zinazoshikiliwa na kipini chembamba kama mwiba wa mchongoma.

Nilipotokea nayo kazini, wifi yangu Agripina alikuwa wa kwanza kuniona. Alikuwa dada wa mume wangu, mdogo wake, mshika bendera mwenzangu, mdomo wake haukuwa na mlango.

"Wifi, hiyo umemvua padri gani?"

"Cheka tu."

"Sicheki. Nauliza kama yeye sasa anasoma misa kwa kubahatisha."

Haukuisha mwezi akaja na majogoo wake wawili kwapani. Nikaenda naye Biharamulo, tukabatiza nyingine.

Zile saa jamani. Nililima na yangu, nikapiga matofali, nikakamua pombe ya rubisi mikono imezama kwenye ndizi hadi viwiko, nikavuta ndama kutoka tumboni mwa mama yake. Ng'ombe aliikanyaga. Ilianguka kisimani ikatolewa na ndoo ya mtu mwingine, inatembea. Fundi akibadilisha betri nilikuwa nasimama mbele yake nihakikishe ile kamba ya mpira haijarudishwa imejikunja, na kwamba ameipaka mafuta kidogo. Mafundi hawapendi kusimamiwa. Wazoee.

Miaka ikapita, Mzee Laurenti akastaafu, akaletwa msimamizi mpya. Namtaja: Elisha Kamugisha. Na mtunza stoo wake namtaja pia: Faustini Bigirwa. Wakitaka wanijibu, nipo.

Kamugisha hakuwa mtu mkali mwanzoni. Alikuwa mcheshi. Siku moja alikuja bandani wakati wa chai, anatikisa kichwa.

"Jamani, Warundi wameniibia saa nzima."

"Saa ya mkononi, bosi?" Agripina akauliza.

"Saa ya siku. Nilikuwa Kabanga, simu ikakamata mtandao wa ng'ambo, ikajirudisha nyuma saa moja yenyewe. Mimi najiona nimewahi kikao. Naingia, wanakunja viti."

Tulicheka. Huku kwetu kila mtu analifahamu jambo hilo. Wenzetu wa Burundi na Rwanda saa yao iko nyuma yetu kwa moja, na ukipanda kilima kinachotazama kwao, simu inahamia kwao bila kukuaga. Wapo waliokosa misa, na wapo waliokosa basi la Nyakanazi.

"Nunua saa kama zetu, bosi," Agripina akamwambia, akamnyooshea mkono.

"Saa ni za wazee," akasema.

Alisema hayo mbele yetu sote, kikombe mkononi. Naomba msomaji akae nayo hiyo.

Baadaye kampuni ikaagiza wafanyakazi wote wapewe saa. Wazo zuri. Faustini akatumwa kununua, akarudi na boksi la zile zile za dhahabu zenye visaa vya kuchora, dada zake na ile yangu ya Rulenge. Nilimwambia pale pale stoo, "Faustini, hizi hazifiki masika." Akanijibu, "Mama, wewe umepewa bure unachagua?" Kabla ya masika kwisha kila mkono ulikuwa na saa yake. Wa krasha, ile mashine ya kusaga mawe, anasema muda wa kutoka umefika, wa tingatinga anasema bado. Ugomvi kila jioni. Kamugisha akachoka, akaita kikao.

"Kuanzia leo hakuna saa mkononi. Saa inanasa kwenye mashine, ni hatari. Muda ni wa simu. Kila kituo kiwe na simu moja."

Nikainua mkono. "Bosi, mimi mashine yangu ni bendera. Itaninasa wapi?"

Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Nimesema wote."

"Kule juu simu zinakwenda Burundi," Agripina akasema. "Wewe mwenyewe ulitusimulia."

"Mtaangalia," akasema. Hilo tu. Mtaangalia.

Mtu wa katikati naye akaondolewa kileleni siku hizo hizo, akapelekwa kupakia kokoto, kwa sababu eti wenye simu watapigiana. Kule juu mtandao wetu mara upo, mara haupo. Watapigiana kwa mdomo?

Faustini akapita na boksi, tukavua. Za dhahabu na zetu mbili nzuri, zote zikaingia kwenye droo ya ofisi ya Kamugisha. Lile duara la asubuhi likafa. Mara chache za kwanza simu ya Agripina ilitulia kwenye mtandao wa kwetu, tukaanza kuzoea. Hapo ndipo ubaya ulipo, jambo linapokubembeleza kwanza.

Siku yenyewe mawingu yalikuwa yamefunika, hakuna kivuli cha mti wala cha mtu. Tulipanda magharibi sisi wawili baada ya kula. Mara kwa mara Agripina anatazama simu.

"Wifi, leo siku haisogei," akaniambia.

"Ni njaa hiyo."

"Nimekula viazi vyako vyote."

"Basi ni shibe."

Simu ilipofika saa tisa tukafanya tulivyofundishwa: saa moja kabla, shuka chini ya mwamba, toa watu na mifugo. Tukakuta mbuzi. Hatukuiba muda, hatukukaa kivulini. Tulikuwa tumeshika mbuzi wa watu ili wasife, na upande wa pili wa kilima saa kumi ilikuwa imeshafika. Mlipuaji alikuwa kijana mgeni, simlaumu; Kamugisha alitazama simu yake, akamwambia bonyeza. Mzee Laurenti angekuwepo asingebonyeza bila kuona bendera. Mwanzo wa karatasi hii nimekwisha kusema kilichofuata, sitakirudia.

Nikiwa hospitali mguu umening'inizwa, sikio la kushoto linapiga filimbi mchana kutwa, kikao kilifanyika machimboni. Kamugisha alisimama akasema wale akina mama waliacha kituo wakaenda kuokota kuni. Faustini akasimama akasema aliwaona. Faustini, aliyekuwa ndani ya stoo, upande wa mashariki, kilima kizima katikati. Hakuna aliyeuliza simu ya Agripina ilikuwa saa ngapi. Ikaandikwa uzembe, ikaisha.

Habari ikaletwa kwa mama mkwe wangu, mama yake Agripina. Wajumbe wa kampuni walikaa uwani wakamweleza kwa adabu, kwamba marehemu alikuwa ameingia eneo lililokatazwa kwa ajili ya kuni. Akawasikiliza mpaka mwisho. Halafu akawauliza, "Hizo kuni ziko wapi? Mbona mmeniletea mtoto bila hata ukuni mmoja?"

Wakaaga.

Nilirudi kazini na fimbo, wakaniweka getini. Siku moja dereva mmoja, mwenye moyo, akafungua ile droo ofisini akaniletea saa yangu na ya Agripina zimefungwa kwenye leso. Za dhahabu, alisema, zilikuwa zimesimama zote, kila moja na muda wake wa kufia. Yangu ilikuwa inatembea. Nikailinganisha na redio: ilikuwa imepungua kidogo mno, hata misa usingeichelewa. Nilifurahi mpaka nikaona aibu kufurahi. Maana yake siku ile, ndani ya droo, chini ya viwiko vya Kamugisha, ilikuwa inasema saa kumi, sawasawa kabisa, na hakuna aliyeivaa.

Ya Agripina nilimpelekea mama yake. Hajui kusoma saa. Anaiweka sikioni.

Sasa nyie wa Nyakisasa. Mmoja wenu alikuja na ile bangili nyeusi ya kioo inayohesabu hatua na mapigo ya moyo. Nzuri sana, niliigeuzageuza kama mtoto. Nikamwuliza, "Muda inaupata wapi?" Akasema, "Kwenye simu, bibi." Basi mwanangu, hiyo ni simu imekaa mkononi. Ivae harusini. Kazini vaa yenye mishale, plastiki au chuma cha kweli, skrubu nyuma, kitufe kinachovutwa kwa nguvu kidogo, si kinachotoka chenyewe ukiinama. Ifunike kwa viganja, uone kama mishale inawaka gizani. Nenda kwa Masanja, bado yupo, sasa ana duka na ndoo yake mwenyewe. Kaa nayo wiki nzima ukiilinganisha na redio kabla ya kuiamini. Na simu zenu, hata za kupigia tu, ingieni kwenye mipangilio mzime ule muda unaojibadilisha. Halafu asubuhi simameni duara, mikono katikati, mmoja aseme vuta, mmoja aseme rudisha. Hakuna anayehitaji kibali kusimama duara. Mkiifanya niiteni, nitakuja na fimbo yangu nisikilize huo mlio, nitakuja hata kwa bodaboda ya matope.

Nilitaka kuishia hapo, kwenye furaha. Lakini wakati wa kuaga nikawauliza msimamizi wenu ni nani. Wakatazamana. "Bwana Kamugisha, bibi. Amesema saa si lazima, simu inatosha." Na stoo? "Faustini."

Na vilima vya huko navyo vinakamata mtandao wa ng'ambo. Nimewauliza, wamesema ndiyo, mara nyingine ndiyo.

Kwa hiyo maneno yaliyobaki si ya mabinti. Ni yako, Elisha Kamugisha. Ulijua. Ulitusimulia mwenyewe, ukichekea chai. Ukavua saa za watu waliokuwa wanazihitaji kuliko wewe unavyohitaji kiti, ukamwondoa mtu wa katikati, na mtu alipokufa ukamvika kuni marehemu asiyeweza kukujibu. Na wewe Faustini ukaziona hizo kuni kupitia kilima. Sitaki pole yenu. Kabla hamjalipua jiwe moja Nyakisasa, njooni Ntobeye, wote wawili, mchana, mbele ya watu wa kijiji na wakubwa wenu wa kampuni. Mkae uwani kwa mama mkwe, pale pale walipokaa wajumbe wenu. Mumwambie saa zilikuwa wapi, nani aliziweka huko, na kuni nani alizitunga. Yeye yu hai bado. Hasikii vizuri siku hizi, kwa hiyo mtasema kwa sauti.